Kanyabayonga: Uwanja Juu ya Mteremko wa Kabasha

Gari litokalo Goma, mashariki mwa Kongo, kuelekea Butembo huvuka uwanda wa Rwindi kwa muda mrefu bila kupita shamba wala soko. Pande zote ni nyasi na miti ya miiba, nchi ya viboko na tembo. Kisha barabara huanza kuupanda mteremko wa Kabasha, kona juu ya kona. Injini hunguruma, hewa hupoa, abiria hujifunika mabegani. Kileleni ukungu ukifunguka, unakuta watu: wamama wenye beseni za viazi, vijana wa pikipiki, wapakiaji wa malori, watoto wenye mahindi ya kuchoma. Umefika Kanyabayonga.

Nilishuka hapo nikasimama ukingoni kutazama nilikotoka. Ukiwa pale unaelewa kwa nini mji umekaa hapo na si kwingine. Tarehe 21 Aprili 1925, chini ya mfalme Albert wa Ubelgiji, ilianzishwa hifadhi ya kwanza ya taifa barani Afrika. Iliitwa kwa jina lake hadi mwaka 1969, ilipoitwa Virunga. Hifadhi ilipotanuliwa, uwanda wa chini ukawa wa wanyama, na kulima huko kukawa kosa. Kanyabayonga ndipo hifadhi inapoishia na mashamba yanapoanza. Atokaye kusini hupumzika hapo baada ya safari ya hofu. Atokaye kaskazini hujipanga hapo kabla ya kushuka. Katika miaka ya utekaji nyara barabarani, magari yalisubiriana ili yasafiri kwa msafara wenye walinzi. Palipo na kusubiriana, hapakosi soko.

Ndiyo maana uwanja wa mji huu ni barabara yenyewe. Viazi, maharage na kabichi huja kutoka milima ya Lubero. Samaki hupanda kutoka Vitshumbi, kwenye Ziwa Edward. Wilaya ya Lubero inakutana hapa na ya Rutshuru, hivyo utasikia Kinande, Kihunde na Kinyarwanda, na bei ikifikia kukatwa, wote wanaingia kwenye Kiswahili. Wanande wana neno kyaghanda, mahali wazee wanapoketi kuamua mashauri na kuwafundisha vijana. Pale sokoni niliona kyaghanda isiyo na paa: mtu anauza, huku anauliza habari za barabara, za msiba, za shamba lililoachwa.

Lakini kilichowaleta wachuuzi ndicho kilichowaleta wenye bunduki. Anayekishika kilima hiki anauona uwanda wote, na ameishika njia ya Lubero, Butembo na Beni. Mwishoni mwa Oktoba 2008 waasi wa CNDP waliteka Rutshuru. Mwezi uliofuata, wanajeshi wa serikali waliokuwa wakirudi nyuma waliupora mji huu, na watu wakakimbilia porini na kaskazini. Siku chache baadaye Rwindi nayo ikaanguka. Kisha wakazi walirudi, wakafagia vizingiti, wakatandika bidhaa zao palepale.

Miaka ilipita, vita vikarudi Rutshuru, na Kanyabayonga ikapokea waliokimbia. Familia ziligawana vyumba na chungu kimoja. Tarehe 28 Juni 2024 waasi wa M23 waliingia mjini, na muda mfupi baadaye wakawa Kirumba, mji ulio kaskazini zaidi. Wenyeji waliokuwa wakipokea wageni wakafunga mizigo yao wenyewe, wakashika njia ya Lubero na Butembo, wageni wao wakikimbia kwa mara nyingine.

Kuna mji wa mbali ulioiandika tarehe yake uwanjani. Katika mji wa Gwangju, Korea Kusini, wananchi walikusanyika Mei 1980 kwenye uwanja wenye chemchemi, mbele ya ofisi ya mkoa, kupinga utawala wa kijeshi. Jeshi liliwaua wengi. Leo uwanja ule unaitwa Uwanja wa Demokrasia wa 18 Mei, na mtoto anayepita anaisoma tarehe kabla hajafundishwa habari yake shuleni. Niliukumbuka nikiwa ukingoni pale Kabasha, maana tarehe zetu hazijaandikwa popote wasafiri wanapopita. Zimebaki vifuani mwa wazee, na wazee nao wanakimbizwa, wengine wanazikwa ugenini.

Sanamu ya shaba ni ya gharama, wala Kanyabayonga haiihitaji. Ninachoiombea ni paa la mabati kando ya soko, mabenchi ya mbao, na ubao wenye tarehe hizo na majina ya waliokufa, yatajwe na familia zao. Wazee waketi hapo kama katika kyaghanda, wawasimulie vijana wa Lubero na wa Rutshuru pamoja, kwa lugha wanayokatia bei. Na kila aliyeupanda mteremko wa Kabasha akae kidogo awasikilize, ndipo anunue viazi vyake aendelee na safari.