Jembe na Mtihani: Kilicholishinda Shamba la Shule

Elimu ya vitendo inapojadiliwa Tanzania, shamba la shule hutajwa kama ndoto iliyokufa mapema. Wapo wanaosema wazazi na watoto walilidharau jembe. Wengine hudai kwamba wazo lenyewe lilikuwa na kasoro tangu mwanzo, kwa kuwa mzazi humpeleka mtoto shule ili aepukane na jembe hilohilo. Historia ya shule zetu za msingi haikubaliani na upande wowote kati ya hizo mbili. Kilicholishinda shamba ni mtihani wa mwisho, nao mtihani ulipata nguvu hiyo kwa sababu nafasi za sekondari zilikuwa chache mno. Walimu na wazazi waliolipa kisogo shamba waliitazama hali ilivyo wakaielewa sawasawa, na kuwalaumu kwamba walikosa uzalendo ni kuuacha ugonjwa na kupiga kelele juu ya dalili zake.

Tuanzie mbali kidogo. Serikali ya Wajerumani ilipofungua shule Tanga katika miaka ya 1890, iliwafundisha vijana kusoma na kuandika kwa Kiswahili, na pia kazi za ufundi. Gazeti la Kiongozi, lililoanza mwaka 1904, lilichapwa hapohapo shuleni. Kupanga herufi za chapa ni kazi ya mikono kama ilivyo kulima, lakini mwisho wake ulikuwa mshahara, sawa na ukarani au uakida. Chini ya Waingereza mambo yaligeuka. Tume ya Phelps-Stokes, iliyoongozwa na Thomas Jesse Jones na kumjumuisha Mwafrika mmoja, James Aggrey wa Gold Coast, ilipita Afrika Mashariki mwaka 1924 ikapendekeza elimu inayolingana na maisha ya kijijini: kilimo, afya na kazi za nyumbani. Mwaka uliofuata Uingereza ilitoa waraka wa sera wenye mwelekeo huohuo. Ushauri huo ungeweza kupokelewa vizuri, lakini shule ziligawanywa kwa rangi, na za Wazungu na Wahindi hazikuambiwa zishike jembe. Mzazi Mwafrika aliona wazi kwamba kalamu ndiyo inayofungua mlango wa ofisi, na mwanawe akifaulu mtihani wa darasa la nne ndipo huusogelea mlango huo. Shaka yake ilikuwa na sababu.

Mwalimu Nyerere aliijua historia hiyo alipotoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea Machi 1967. Alionyesha kwamba watoto katika shule za msingi walikuwa wameongezeka kutoka 490,000 mwaka 1961 hadi 825,000 hivi, ilhali katika waliomaliza ni asilimia 13 tu ambao wangepata nafasi ya sekondari. Hoja yake haikuwa kwamba watoto walime ili shule ipate mahindi. Alitaka shamba liwe sehemu ya somo: wanafunzi washiriki kupanga, watunze hesabu za mapato na matumizi, wajifunze habari za udongo na mbolea wakiwa wameushika udongo wenyewe, na waone faida ya jasho lao. Zaidi ya hayo, alisema waziwazi kwamba mtihani upunguziwe hadhi. Sharti hilo ndilo lililobeba mengine yote, na ndilo halikutimizwa.

Ni kweli kwamba mtihani wa kuwachuja watoto wa darasa la nne uliondolewa. Lakini mchujo haukufa. Ulihamia darasa la saba. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliharakisha elimu ya msingi kwa wote hadi mwaka 1977, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanafunzi walizidi milioni tatu. Sekondari hazikupanuka kwa kasi hiyo, hata katikati ya muongo huo aliyechaguliwa kwenda sekondari ya serikali alikuwa chini ya mmoja kati ya kumi. Hapo ndipo shamba lilipotengwa na darasa. Kulima kukawa kipindi cha mwisho, baada ya masomo yenyewe. Kukawa adhabu ya wachelewaji. Mavuno yakawa mfuko wa shule, na hesabu zake akazijua mwalimu mkuu peke yake. Mtoto aliyepalilia mihogo hakupewa swali hata moja la kupima eneo wala la kukadiria mavuno. Shule ya Kwamsisi, wilayani Handeni, ilijaribu kuyapanga masomo yazunguke maisha ya kijiji, lakini ilibaki mfano wa kutembelewa na haikuwa kanuni ya nchi.

Yupo atakayesema kwamba lawama ni za uhaba: walimu waliandaliwa harakaharaka, madarasa yakafurika, vitabu vikakosekana. Uhaba ulikuwepo, tena mkubwa, ila hauelezi kwa nini shule ileile iliyokosa kila kitu ilipata muda wa kuwakusanya watoto wa darasa la saba jioni kwa Hisabati. Mwenye kidogo hutumia kidogo chake panapomlipa, na shamba halikulipa. Mwingine atasema basi dawa ilikuwa kuziingiza kazi za mikono ndani ya mtihani. Kenya ilifanya hivyo. Mfumo wa 8-4-4 wa mwaka 1985 ulileta kilimo, sayansi kimu, sanaa na ufundi, ukayatahini katika KCPE, mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, kwa maswali ya kuchagua jibu. Mtoto aliweza kupata alama bila kushona wala kupanda kitu, alimradi amekariri. Funzo la Kenya ni kwamba mtihani wa kuchuja ukilipokea shamba, hulifanya nalo karatasi. Kuongeza somo kwenye orodha hakutoshi iwapo kazi ya mtihani inabaki kuamua nani aendelee na nani abaki.

Pingamizi zito zaidi ni la haki. Mtihani wa taifa, pamoja na ukali wake, haumjui mtoto wa diwani wala wa mkulima, ilhali mwalimu akiachiwa kutoa alama za bidii na tabia, upendeleo hupata pa kujificha. Hoja hii inastahili kukubaliwa. Pale nafasi ni chache, mtihani usiojua majina ndio ngao ya mnyonge, na wazazi walioung'ang'ania walikuwa sahihi. Lakini kukubali hivyo ni kukiri kwamba kiini cha tatizo ni uchache wa nafasi, maana ngao huhitajika penye vita.

Kwa hiyo mabadiliko ya miaka ya karibuni yana uzito kuliko kauli zote za kusifu kazi. Shule za kata, zilizoenea tangu katikati ya miaka ya 2000, zilipanua mlango. Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, inaweka elimu ya msingi ya miaka sita ndani ya elimu ya lazima ya miaka kumi, pamoja na mkondo wa amali katika sekondari. Mwaka huohuo Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule na watahiniwa bora. Ikiwa kila mtoto anaendelea, upimaji wa mwisho wa shule ya msingi hauna wa kumchuja. Unaweza kutumika kuonyesha nani anahitaji msaada, na wapi. Ila halmashauri zikiendelea kumwita mwalimu mkuu ajieleze kwa sababu ya wastani wa alama, mwalimu atafanya walichofanya waliomtangulia: atafunga stoo ya majembe na kuongeza vipindi vya jioni. Mtaala mpya utakuwa na shamba au bustani katika kila ukurasa, lakini ratiba ya shule itafuata kile ambacho mwalimu huulizwa na mkubwa wake. Hapo ndipo pa kuanzia.