Kulanti inapopungua polepole: mambo ya kukagua kabla gari halijachemsha

Mfumo wa kupoza injini umefungwa. Gari lisilo na tatizo linaweza kukaa miezi bila kuongezwa kulanti. Ukiona unaongeza kila wiki, inavuja, hata kama chini ya gari ni pakavu: tone likidondokea injini ya moto hugeuka mvuke kabla halijafika ardhini.

Anza kukagua asubuhi, injini ikiwa baridi. Weka alama kwenye chupa ya akiba na utandaze boksi chini ya gari usiku kucha. Kisha angalia:

- Mipira ya rejeta na vibanio vyake: nyufa, ulaini, au ukungu wa rangi ya kulanti.
- Rejeta: mahali plastiki ya juu inapoungana na alumini. Kwenye magari ya zamani, plastiki hukauka na kupasuka.
- Mfuniko wa rejeta: raba ikichakaa, kulanti hutoka kama mvuke.
- Pampu ya maji: michirizi chini yake.
- Zulia la abiria wa mbele: likilowa na kunuka utamu, rejeta ndogo ya hita inavuja.
- Moshi mweupe usiokata, au oili yenye rangi ya maziwa: huenda gasketi ya silinda hedi imeungua. Usiendeshe, mwone fundi.

Usipoona kitu, mwombe fundi aupime mfumo kwa pampu ya presha.

Kamwe usifungue mfuniko injini ikiwa ya moto. Presha huzuia maji kuchemka hata yakipita nyuzi 100. Ukifungua, yatakurukia usoni.

Manjano au ute wa yai huweza kuziba tundu, lakini huziba pia njia nyembamba za rejeta. Kutoa thamostati nako hakuzibi uvujaji. Injini hukawia kupata joto na hula mafuta zaidi. Maji ya kisima yenye chumvi huleta kutu, kwa hiyo tumia kulanti iliyoelekezwa kwa gari lako, na usichanganye aina mbili.

Uvujaji mdogo mjini unaweza kujificha mpaka siku ya kupanda Kitonga na familia. Geji ikipanda, zima AC, simama pembeni, zima injini, usubiri ipoe. Silinda hedi ya alumini ikipinda kwa joto, gharama yake huzidi mno bei ya mpira mmoja.

Kulanti ni sumu yenye ladha tamu. Iliyomwagika ifute, na iliyobaki ifiche mbali na watoto na mifugo.