Ganda, Gome na Ukoko: Historia ya Kuyapa Majina Matabaka ya Dunia

Achimbaye kisima Magomeni, kando ya bonde la Msimbazi, hukutana na mchanga na udongo wa mfinyanzi. Vitu hivyo vina majina ya tangu zamani kwa kuwa jembe limevifikia. Lakini toka hapo hadi katikati ya dunia ni kilomita 6,371 hivi, na huko jembe halikufika; yalifika mawimbi ya matetemeko tu. Kwa hiyo majina ya huko yamechelewa, na mengi yameazimwa kutoka vitu vya nyumbani.

Mwaka 1906 Mwingereza Richard Oldham alionyesha kwamba dunia ina kiini, kwa kuwa mawimbi yaliyopita katikati yalichelewa kufika upande wa pili. Mwaka 1909 Andrija Mohorovičić wa Zagreb aligundua mpaka ambapo mawimbi huongeza kasi ghafula. Sehemu iliyo juu ya mpaka huo ndiyo tuiitayo ganda: unene wake ni kilomita 7 hivi chini ya bahari, na 30 hadi 70 barani. Mwaka 1914 Beno Gutenberg alikadiria kwamba kiini huanzia kina cha kilomita 2,900. Harold Jeffreys akatoa hoja mwaka 1926 kwamba kiini ni kioevu, naye Inge Lehmann wa Denmark akaonyesha mwaka 1936 kwamba ndani yake mna kiini kingine, ambacho leo chajulikana kuwa kigumu.

Hapa ndipo mfasiri anapopata kazi. Neno ganda humkumbusha mwanafunzi yai, na ndani ya yai mna ute. Basi huamini kwamba chini ya miguu yake kuna bahari ya moto. Hilo ni kosa. Tabaka la kati, liitwalo pengine koti, ni mwamba mgumu ujongeao polepole mno kwa mamilioni ya miaka. Ni sehemu chache tu ziyeyukazo na kuilisha volkeno. Ushahidi tunao nchini: volkeno ya kale ya Lashaine, karibu na Arusha, ilitupa juu vipande vigumu vya mwamba huo, na almasi za Mwadui, zilizogunduliwa mwaka 1940, zilitoka katika tabaka hilohilo.

Je, tungesema ukoko? Ukoko huzaliwa na wali wenyewe, kama ganda la dunia lilivyotokana na mwamba wa chini yake. Lakini mpishi huutazamia chini ya sufuria. Gome, neno tulionalo katika umbo la jina la Magomeni, lingefaa zaidi: chini ya gome mna mti mgumu, na katikati ya mti mna kiini. Hata hivyo kiini cha mti hakina sehemu ya kioevu. Kila mfano hufika mahali ukachoka.

Kwa hiyo ganda, ambalo limekwisha kuzoeleka, na libaki. Linalotakiwa ni kwamba kila kitabu na kila mwalimu alitajapo aongeze sentensi moja: chini ya ganda hili ni mwamba. Istilahi isiyo na maelezo yake huweza kufundisha kosa kwa Kiswahili safi.