Mkeka, sima na mpira: namna ya kuzuia tandiko lisitembee

Kwetu mashariki ya Kongo mkeka si pambo la nyumba. Ndipo mgeni anakaa, ndipo mtoto analala, ndipo watu wa kilio wanashinda siku za matanga, viti vikiisha kutolewa inje. Kwa hiyo mkeka wenye kuteleza ni hatari. Mzee akikanyaga pembe yake anaanguka, na nyonga ikivunjika mu umri ule, mara nyingi hatembei tena kama zamani.

Bibi zetu hawakuhangaika sana na jambo hilo. Sakafu yao ilikuwa udongo uliopigwa, tena wenye kukwaruza kidogo. Mkeka wa matete ao wa majani ya mtende una mistari yake, na mistari ile inashika udongo. Asubuhi mama ananyunyiza maji kidogo, anafagia, kisha anatandika. Maji yale yalikuwa na maana: vumbi kavu chini ya mkeka ni punje ndogo ndogo zinazobingirika. Upande mmoja ulisukumwa chini ya mguu wa kitanda, basi, kazi imekwisha. Watu wa pwani waliokaa Nyangwe na Kasongo, mbele ya vita vya 1893, walileta pia msala wa kusalia, lakini nyumba zao nazo zilikuwa za udongo.

Shida ilikuja na sima. Katanga, Union Minière, iliyoanzishwa 1906, ilianza kutoka 1928 kuweka wafanyakazi pamoja na bibi na watoto mu makambi. Pole pole sima ilizoeleka mijini, halafu ikapakwa sira nyekundu mpaka inang'aa. Uzuri ule ndio uliharibu mambo. Juu yake mkeka, na kisha tapi ya dukani, hauna pa kushika. Watu wanasema: « Mukeka inatembea! »

Dawa waliyopata wengi ni mpira wa ndani ya gurudumu la kinga. Unapasuliwa, unakatwa vipande, unashonwa chini ya pembe zote nne, na kipande kingine katikati kama tapi ni kubwa. Mpira ni laini, unaingia mu vitundu vidogo vya sima na kukatalia pale. Lakini ukiacha vumbi hapo, haushiki tena. Na sira lazima itolewe pahali pale. Mpira mweusi unaweza pia kuacha alama isiyotoka.

Hapa mimi nasimama kidogo. Gurudumu la hewa la Dunlop lilitoka 1888, dunia ikataka mpira mwingi, na wakati wa Leopold II, mpaka 1908, watu wa misitu ya Ekwateri walilazimishwa kuukamua mu mitambaa ya pori. Wanawake walifungwa kama rehani hadi bwana zao walete mzigo, wengi walikufa. Kipande kile kinachotuzuia kuanguka nyumbani kina ndugu wabaya.

Siku hizi kuna wenye kuweka tapi ndogo juu ya moketi. Huko mpira hausaidii sana, sababu nyuzi za moketi zimelala upande mmoja, na kila hatua inasukuma tapi kufuata upande ule. Afazali kuishona kwa uzi mzito pembeni, ao kuikalisha chini ya miguu ya kabati, kama vile bibi alifanya na kitanda chake.