Chéri Samba: kutoka vibao vya matangazo mpaka makumbusho ya Paris

Chéri Samba ni mchoraji Mkongomani anayejulikana dunia nzima. Lakini kazi yake ya kwanza ilikuwa ile ambayo vijana wengi wa Kirumba na Butembo wanaifahamu: kuandika na kuchora vibao vya matangazo ya wafanyabiashara.

Alizaliwa tarehe 30 Desemba 1956 katika kijiji cha Kinto M'Vuila, Kongo Central ya leo. Baba yake alikuwa mfua vyuma. Mwaka 1972 akaacha masomo, akaenda Kinshasa, akajifunza kazi kwa wachoraji wa vibao. Mwaka 1975 akafungua atelye yake mwenyewe. Wakati uleule alikuwa anachora hadithi za picha katika gazeti la vijana, Bilenge Info.

Kibao ni mali ya mteja. Mteja ndiye anachagua maneno, rangi na ukubwa, na mchoraji analipwa, basi. Samba hakukataa kazi hiyo, maana ndiyo ilimlisha. Ila pembeni alianza kuchora mambo yake mwenyewe: maisha ya mtaani, rushwa, ndoa, magonjwa, siasa.

Alichojifunza kwenye vibao na katika gazeti hakukitupa. Aliona kwamba watu wanatupa jicho kwenye picha, kisha wanajiendea. Njo akaingiza maandishi ndani ya picha, kwa Kifaransa, Lingala na Kikongo, ili mpita njia asimame na asome. Maandishi hayo yakawa alama yake. Juu ya rangi ya akriliki anaongeza mara nyingi vumbi linalong'aa, na picha inaita macho kutoka mbali, sawa vile kibao cha duka.

Mwaka 1989 kazi zake zilionyeshwa Paris, katika maonyesho makubwa yaliyoitwa Magiciens de la Terre. Toka pale jina lake likavuka mipaka. Mwaka 2007 alikuwa kwenye Biennale ya Venice, na kuanzia Oktoba 2023 mpaka Aprili 2024 makumbusho ya Maillol, Paris, yalimpa maonyesho yake peke yake.

Kuna picha moja inayogusa watu wa mashariki kabisa: Le petit Kadogo, ya mwaka 2004. Kadogo ni neno la Kiswahili. Wakati wa vita vya AFDL, 1996 na 1997, watoto waliobebeshwa silaha waliitwa hivyo, na neno likafika Kinshasa pamoja nao. Jina refu la picha linamfanya mtoto aseme kwamba yeye anataka amani, ndiyo maana anapenda silaha. Ni kejeli, lakini kila mzazi wa Lubero au Beni anaielewa bila kufafanuliwa.

Leo mashine za kuchapa mabango zinawapunguzia kazi wanaoandika kwa mkono. Mteja anaweza kwenda kwa mashine. Lakini yale ambayo kijana ameona mwenyewe na anataka kuyasema, mashine haiwezi kuyasema kwa niaba yake.