Ujasusi katika Vita Kuu ya Kwanza, Afrika Mashariki

Ujasusi katika kampeni ya Afrika Mashariki (1914–1918) ulikuwa kazi ya siri ya kutafuta, kuficha na kupotosha habari, iliyofanywa na Uingereza na Ujerumani katika nchi ambazo leo ni Tanzania, Kenya na jirani zake. Majasusi wa kusomea walikuwa wachache. Mzigo mkubwa uliwaangukia watu waliojua vijia, mito na maji ya pwani: wavuvi, wapagazi, wawindaji wa pembe, majumbe na wenye mashua. Hao ndio walioona, waliosikia na waliopeleka habari, na mara nyingi ndio waliokuwa wa kwanza kunyongwa wakikamatwa. Sifa zimebaki kwa maofisa waliozipokea habari hizo na kuziandika kwa majina yao, na makala yoyote juu ya jambo hili haina budi kuanza kwa kulisema hilo.

Siri iliyovuja: Tanga, 1914

Mfano mbaya kuliko yote wa siri kutotunzwa ni shambulio la Tanga. Kikosi cha askari wapatao 8,000 kilitoka Bombay Oktoba 1914 chini ya Jenerali Arthur Aitken. Safari yake haikuwa siri hata kidogo. Magazeti ya India yaliizungumza, barua zilizokamatwa ziliitaja, na Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Kijerumani, alikwisha kujua kwamba pigo linakuja upande wa pwani ya kaskazini.

Tarehe 2 Novemba manowari Fox ilitangulia mbele ya Tanga. Nahodha wake, Caulfeild, hakufyatua mzinga. Alimwita ofisa wa wilaya wa Kijerumani, Auracher, akamwarifu kwamba mapatano ya kutoushambulia mji yamefutwa, kisha akamwuliza kama bandari imetegwa mabomu ya majini. Haikuwa imetegwa. Auracher hakumtuliza, akarudi nchi kavu, naye akapeleka habari kwa Lettow-Vorbeck huko Moshi mara moja. Waingereza wakapoteza saa nyingi wakisafisha maji yasiyo na bomu, na saa hizo zikatosha kwa reli ya Usambara kuteremsha askari wa Kijerumani, kundi baada ya kundi.

Usiku wa kuamkia tarehe 4 Lettow-Vorbeck mwenyewe alipanda baiskeli na maofisa wachache, akapita katika mitaa ya Tanga iliyokuwa mitupu, akafika karibu na bandari na kuziangalia meli za adui zikiwaka taa, zikishusha watu na mizigo. Alijionea kwa macho yake mahali adui aliposhukia na upande atakaotokea. Aitken hakufanya lolote linalokaribia hilo. Hata msaada wa King's African Rifles, askari walioifahamu nchi, aliukataa. Siku hiyo ya tarehe 4 watu wapatao 1,000 wakawashinda mara nane yao, na tarehe 5 Waingereza wakarudi melini wakiacha ufukoni mamia ya bunduki, bunduki za mashine 16 na shehena ya risasi.

Kuitafuta Königsberg

Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg, chini ya Kapteni Max Looff, iliishambulia na kuizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Unguja ilipokuwa ikitengenezwa mitambo yake. Haikuwa bahati tu: walinzi wa pwani wa Kijerumani walikuwa wameiona meli ya Kiingereza ikiingia Unguja na kupeleka habari. Baada ya hapo Königsberg ikatoweka. Ilikuwa imejificha katika delta ya Rufiji, ndani ya mikoko, mahali ambapo chati za Waingereza zilionyesha kwamba meli kubwa haiwezi kupita. Wajerumani walijua vingine, kwa kuwa meli yao ya upimaji, Möwe, ilikuwa imeipima midomo ya mto huo kabla ya vita.

Kilichoifichua ni karatasi. Tarehe 19 Oktoba manowari Chatham iliikuta huko Lindi meli ya Kijerumani Präsident, ambayo ilidai kuwa ya hospitali. Ilipopekuliwa ilipatikana hati ya makaa ya mawe yaliyopelekwa kwa matishali hadi Salale, katika delta ya Rufiji. Meli haiendi bila makaa, na makaa hayapelekwi mahali pasipo na meli. Chatham ikasogea pwani ile, mabaharia wakashuka na kuwauliza wenyeji, na tarehe 30 Oktoba milingoti ya Königsberg ikaonekana juu ya miti.

Kuiona ni jambo moja, kuifikia ni jingine. Wajerumani walikuwa wamepanga walinzi katika delta nzima, wameweka mizinga midogo kwenye midomo ya mto na kutandika waya za simu kati ya vituo. Waingereza walizamisha meli ya makaa Newbridge ili kuziba mlango mmoja, wakaleta ndege ya majini, na rubani wake, Cutler, akakamatwa. Habari zilizohitajika sasa zilikuwa za aina nyingine: kina cha maji, nguvu ya mkondo, saa za kujaa na kupwa.

Kazi hiyo Admirali Herbert King-Hall alimpa Pieter Pretorius, mwindaji wa tembo kutoka Afrika Kusini aliyewahi kuishi pande za Rufiji. Akitumia kisiwa cha Mafia, kilichotekwa Januari 1915, Pretorius aliingia delta usiku kwa mtumbwi pamoja na wenzake Waafrika. Alipanda mti karibu na meli, akahesabu mizinga na kuchunguza mavazi yake ya matawi. Kwa wenyeji alipata habari kwamba torpido zilikuwa zimeteremshwa melini, jambo lililobadili hesabu yote ya hatari. Kisha ikaja kazi isiyo na sifa: usiku baada ya usiku, kuchomeka upondo majini, kusoma kina, kuandika, kusogea, kuchomeka tena, huku walinzi wakisikika wakiongea ukingoni.

Kwa vipimo hivyo ulijulikana mlango ambao meli zenye kina kidogo zingeweza kupita. Manowari mbili za aina hiyo, Severn na Mersey, zilizokusudiwa awali kwa mito ya Brazil, zikavutwa kutoka Ulaya hadi Mafia. Shambulio la 6 Julai 1915 lilishindwa, kwa sehemu kwa sababu Wajerumani walikuwa na watazamaji waliofichwa mitini wakiwaelekeza wapiga mizinga. Jukwaa mojawapo lilipogunduliwa na kupigwa, shabaha ya Königsberg ilipotea papo hapo. Tarehe 11 Julai ndege ya rubani Cull na mtazamaji wake Arnold ilielekeza mizinga ya Waingereza kwa simu ya upepo, na Arnold aliendelea kutuma masahihisho hata ndege yao ilipopigwa na kuanza kuanguka. Siku hiyo Looff aliilipua meli yake mwenyewe. Mizinga yake 10 iliopolewa, ikavutwa na watu hadi bara na kupigana miaka mingine.

Moto wa uongo na ndege iliyorudi

Aprili 1915 meli ya Kijerumani Rubens, iliyojifanya ya Denmark kwa jina la Kronborg, ilikaribia Tanga ikiwa na makaa na silaha. Waingereza walikuwa na habari zake, na manowari yao Hyacinth ikaikimbiza hadi ghuba ya Manza. Nahodha Christiansen aliizamisha meli katika maji mafupi, kisha akawasha moto wa mbao juu ya sitaha. Waingereza waliona moshi, wakaamini meli imeteketea, wakaondoka. Sehemu kubwa ya shehena ilikuwa salama chini ya maji, nayo ikaopolewa.

Novemba 1917 ndege kubwa ya hewa (zepelini) ya Kijerumani L59 ilitoka Jamboli, Bulgaria, ikimpelekea Lettow-Vorbeck tani zipatazo 15 za vifaa, ikageuzwa ilipofika upande wa Khartoum. Hadithi kwamba Waingereza waliirudisha kwa ujumbe bandia wa redio imerudiwa sana. Amri ya kurudi ilitoka kwa wanamaji wa Ujerumani wenyewe.

Vyanzo na tahadhari

Mengi yanayosimuliwa juu ya ujasusi wa Waingereza yanatoka kwa Richard Meinertzhagen, ofisa wa upelelezi aliyekuwapo Tanga na baadaye akaongoza kazi hiyo kutoka Nairobi. Yeye ndiye aliyesimulia kwamba watu wake waliokota karatasi kwenye vyoo vya kambi za Kijerumani, kwa kuwa maofisa waliokosa karatasi nyingine walitumia barua na amri za kijeshi. Kisa hicho hakishangazi, lakini watafiti wa baadaye wamegundua kwamba sehemu za shajara zake ziliandikwa upya au kubuniwa, na hata ndege aliowakusanya kwa makumbusho waligundulika baadhi yao kuwa wa wizi. Habari inayotegemea shajara hizo peke yake haifai kuchukuliwa kuwa ushahidi. Kumbukumbu za jeshi la majini kuhusu Rufiji zina uzito zaidi, kwa kuwa vipimo vya maji vilijaribiwa na meli zenyewe zilizopita juu yake. Waliokuwa na Pretorius ndani ya mtumbwi walishiriki kila kipimo, na wanastahili kutajwa kama wapelelezi, si kama wapiga kasia.