Mzee aliponiambia, "Hiyo si jazi"

Simu iliingia studioni saa mbili na dakika kumi usiku, kipindi kikiwa ndio kwanza kinashika kasi. Kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa nikijitolea kuendesha kipindi cha saa moja, kila Alhamisi, katika redio moja ya kijamii kwenye mji wa kando ya Ziwa Victoria. Kipindi chenyewe nilikiita 'Saa ya Jazi'. Jioni hiyo nilikuwa nimewapigia wasikilizaji nyimbo mbili za Louis Armstrong na moja ya Duke Ellington, na nilikuwa najiandaa kumleta John Coltrane. Mpigaji simu hakusalimu.

"Mwalimu," akasema, "hiyo unayopiga ni nzuri. Lakini si jas. Jas naijua. Mimi nimepiga rithimu kwenye jas miaka tisa."

Vijana wawili wa mitambo waliangua kicheko. Kilichowachekesha ni matamshi: jas, kwa s. Nami nakiri kwamba nilitabasamu. Nilimshukuru mzee kwa adabu ya redioni, ile adabu ya kumfungia mtu mlango polepole, kisha nikaendelea na Coltrane wangu. Ilinichukua siku kadhaa kutambua kwamba mzee yule alikuwa sahihi mara mbili, kwanza kwa matamshi, pili kwa maana.

Tuanze na matamshi, maana hapo ndipo tulipomcheka. Dholuo hakina sauti z, na mzungumzaji wake wa umri ule hulipokea neno la kigeni kwa sauti alizonazo. Hilo ni jambo la kawaida kabisa katika utohozi. Kiswahili nacho kilifanya vivyo hivyo kilipogeuza maneno chungu nzima ya Kiarabu na Kiingereza. Ila hapa pana kichekesho. Bendi ya kwanza kutoa santuri ya jazi ulimwenguni ilikuwa ya Wazungu watano wa New Orleans waliorekodi mjini New York tarehe 26 Februari 1917. (Kwamba muziki uliobuniwa na Waafrika wa Marekani uliingia kwenye santuri kwanza kwa mikono ya Wazungu ni kisa cha siku nyingine.) Bendi hiyo ilijiita Original Dixieland Jass Band. Jass, kwa s mbili. Tahajia ilikuwa bado haijatulia, na z zilikuja kushinda baadaye. Kwa hivyo mzee wetu hakuwa amelikosea neno. Alilitamka karibu sawa na lilivyoandikwa kwenye santuri ile ya kwanza.

Neno lenyewe ni changa kuliko wengi wanavyodhani, na halikuanza na muziki. Mwaka wa 1912 lilichapishwa katika gazeti la Los Angeles kwenye habari za besiboli. Mchezaji mmoja alikuwa amelipa jina hilo tupo lake la mpira uliokuwa ukiyumbayumba hewani. Mwaka uliofuata magazeti ya San Francisco yalilitumia kwa maana ya nguvu au uchangamfu. Ni mwaka wa 1915, huko Chicago, ndipo tunapolikuta limebandikwa kwenye muziki. Wanamuziki kadhaa hawakulipenda. Ellington mwenyewe, niliyemtumia kama shahidi wa jazi usiku ule, hakufurahia kufungiwa ndani ya neno hilo. Hata hivyo, mwanzoni mwa mwaka wa 2000, wanaisimu wa Chama cha Lahaja cha Marekani walilichagua kuwa neno la karne nzima ya 20.

Nidokeze pia, kwa kuwa wanafunzi huniuliza, kwamba jazi hii haina udugu na kitenzi chetu cha zamani 'jazi', chenye asili ya Kiarabu na maana ya kutuza au kulipa wema. Zimekutana njiani tu.

Sasa tuje kwenye maana, na hapa inabidi tuanzie Pwani. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, watu wa Lamu, Mombasa na Dar es Salaam walitazama bendi za kijeshi za wakoloni, wakachukua tarumbeta, ngoma na vyeo, wakaunda ngoma yao ya beni. Vikundi vilishindana, Marini na Arinoti, na mashindano hayo yakaenea bara hadi mbali. Neno 'beni' ni 'band' ya Kiingereza iliyoingia Kiswahili kwa mlango wa kwanza. Baadaye 'band' hiyohiyo ikaingia tena kwa mlango wa pili ikawa 'bendi'. Neno moja likazaa mawili, na kila moja likashika kazi yake. Hadi leo ukialikwa harusi Lamu ukaambiwa kuna beni, hutarajii magitaa ya umeme.

Jazi ilikuja nyuma ya hizo mbili. Kuanzia miaka ya 1930 kulikuwa na Dar es Salaam Jazz Band. Zikafuata Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Kilwa Jazz, Western Jazz, na kule Tanga Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Ng'ambo ya pili, Leopoldville, Joseph Kabasele alikuwa na African Jazz kuanzia 1953, naye Franco na wenzake wakaanzisha OK Jazz mnamo Juni 1956. Katika hizo zote huwezi kumsikia Armstrong kwa urahisi. Utakachosikia ni rumba na cha-cha, muziki wa Kuba uliorejea Afrika kwenye santuri za mfululizo wa GV, ukakutana na magitaa na lugha zetu.

Mbona basi zikajiita jazi? Wapo wanaosema ni kuiga tu, neno la Kizungu la kujipamba. Sikubaliani nao. Mtu anayeiga huchukua kitu pamoja na jina lake. Hawa walichukua jina wakakiacha kitu. Walihitaji neno la kutaja chombo kipya ambacho beni haikukitosha, yaani kundi la kudumu la wanamuziki wa mjini, wenye magitaa, wenye jina la mahali na sifa ya kutunza. Neno jazi likawa tayari kufanya kazi hiyo.

Na hapa sarufi inatusaidia kuliko historia. Katika Kiingereza cha Marekani, jazi ni nomino isiyohesabika, kama maji au mchanga. Ni aina ya muziki, na mtu huwezi kuwa ndani ya mchanga mmoja ukahamia mchanga wa pili. Katika kinywa cha mzee wetu, jazi inahesabika. Kuna jazi mbili, kuna jazi iliyovunjika, kuna kijana aliyetoroka jazi yake akaenda jazi nyingine. Alisema "nimepiga rithimu kwenye jas" jinsi mchezaji anavyosema amecheza kwenye timu. Kwake jazi ni watu. Nilipokaa hewani nikitangaza saa ya jazi bila jazi hata moja ndani yake, alisikia kitu kama saa ya kandanda isiyotaja klabu.

Upande wetu wa ziwa, jazi hizo zilipiga benga. Shirati Jazz ya Daniel Owino Misiani ilichukua jina la mji ulioko Tanzania, karibu na alikozaliwa mwaka wa 1940, na ikapigiwa vigelegele zaidi Kenya, hadi Misiani alipofariki katika ajali ya barabarani Kisumu mwaka wa 2006. Victoria Jazz ya Ochieng Nelly na Collela Mazee ilichukua jina la ziwa lenyewe. Gitaa la solo katika benga hudonolewa kwa namna inayomkumbusha msikilizaji nyuzi za nyatiti. Kwa kweli jazi zile ziliendeleza sanaa zilizokuwapo. Hata pakruok ilihamia humo. Mtu anatoa pesa, muziki unashuka, anajisifu yeye na ukoo wake na mpenziwe kwa mafumbo, kisha magitaa yanapanda tena. Wasikilizaji wanaopiga simu leo kutuma salamu kwa majina ya majigambo wanaendeleza pakruok, ila wanalipia kwa kredo ya simu.

Siku ya nne baada ya simu ile nilifungua tarakilishi ya kituo. Nyimbo zimepangwa kwenye mafaili. Faili la 'Jazi' lilikuwa na Wamarekani watupu. Misiani, Collela, Mbaraka Mwinshehe, wote walikuwa kwenye faili la 'Zilipendwa'. Aliyeyapanga mafaili hayo ni mimi.

Hebu tulitazame hilo neno zilipendwa, ambalo redio zetu zimelieneza kuliko vitabu vyovyote. Zi-li-pend-w-a. Wakati uliopita, kauli ya kutendwa, mtenda hatajwi. Zilipendwa na nani hatuambiwi, na li- inadokeza kwamba mapenzi yenyewe yamekwisha. Najua msemaji wa kawaida hakusudii hivyo, na neno limeshazoeleka, silipigi vita. Lakini ukilitumia kama kabati la kuhifadhia, linafanya kazi yake kimyakimya. Armstrong aliyerekodi miaka ya 1920 ni jazi hadi leo. Misiani aliyeimba ndani ya karne hii ni kitu kilichopendwa.

Mwenzangu mmoja wa chuoni, anayeujua muziki kunishinda, alinipinga. Alisema jazi ina kanuni zake, kwamba wapo vijana wa Kikenya wanaoipiga barabara, na kwamba nikiita kila bendi ya zamani jazi nitawavuruga wasikilizaji. Ana hoja. Sitaki kumfukuza Coltrane. Ninachosema ni kwamba neno moja linaweza kuwa na maana mbili halali, na redio ya kijamii ndiyo ya mwisho kuruhusiwa kusahau ile ya nyumbani.

Nasema hivyo kwa sababu ya historia ya redio hizi zenyewe. Kituo kinachotajwa kuwa redio ya kijamii ya kwanza barani Afrika kilikuwa hapa, Homa Bay, mwaka wa 1982, kwa msaada wa UNESCO, kwa mitambo ya bei nafuu na kwa Dholuo. Kufikia mwaka wa 1984 serikali ilikuwa imekifunga. Sauti Moja, ndiyo iliyotakiwa, nayo ilikuwa Nairobi. Tulingoja takriban miaka 20 kabla ya kina mama wa Makueni kuwasha Mang'elete mwaka wa 2004, na vijana wa Korogocho kuanza Koch FM ndani ya kontena mwaka wa 2006. Sheria iliyoanza kutumika mwaka wa 2009 ndiyo iliyozitambua redio za kijamii kama kundi lake, mbali na za umma na za biashara. Kisiwani Mfangano, Ekialo Kiona wanatangaza kwa Olusuba, lugha ambayo vijana wengi walikuwa wameipa kisogo. Redio ya biashara ina haki ya kupiga kinacholipa. Sisi hatulipwi, kwa hivyo hatuna kisingizio.

Mzee alipiga simu tena wiki iliyofuata, safari hii alisalimu. Nikamwomba aje. Alikuja na fimbo na kofia, akakaa kwenye kiti cha plastiki, akakataa maji. Kwa dakika arubaini aliwafundisha wale vijana wawili waliomcheka jinsi gitaa la rithimu linavyokaa chini ya solo bila kuligombanisha, na kwa nini besi ya benga haitulii mahali pamoja. Aliimba kwa mdomo alipokosa gitaa. Nilipomuuliza kuhusu zilipendwa alicheka: "Nani aliacha? Mimi sijaacha."

Tangu hapo kipindi kimegawanyika. Nusu saa ya kwanza ni ya Marekani na vijana wetu wanaoifuata njia hiyo. Nusu ya pili ni ya jazi zenye majina ya miji, na mwisho wake tunamwachia mpiga nyatiti au orutu, au mwanakikundi wa sigana, au kijana mwenye shairi. Baadhi ya wiki hakuna anayekuja, nasi tunajaza kwa salamu. Baadhi ya wiki umeme hupotea. Si kipindi cha kujivunia kila Alhamisi.

Jazi ya mzee ilitoa santuri mbili tu. Hana hata moja, nasi hatukuzipata popote. Alitutajia wenzake saba kwa majina. Nilimuuliza wangapi wako hai, akahesabu kwa vidole, akasema wawili, pamoja naye. Aliomba kitu kimoja, nisome majina yote saba hewani. Niliyasoma Alhamisi iliyopita, polepole, kila moja mara mbili.

Kabla sijamaliza, mwanamke alipiga simu kutoka ng'ambo ya ghuba. La tano lilikuwa jina la babake. Ana santuri moja ndani ya sanduku, alisema, imekwaruzwa upande mmoja. Ataileta mvua ikipungua. Kituoni hatuna kinanda cha kuipigia. Msomaji aliye na kinanda cha santuri kinachozunguka bado, hata kama ni cha kuazima kwa siku moja, na aniandikie kupitia gazeti hili.